Kerneli inasimama Ukara, nikiifikia imeshawaka upya (kgdb kwenye BeagleBone Black)

mvuvi_wa_biti · Jumatatu, saa 3:40 usiku

Wakuu, salaam. Mimi niko Mwanza, kifaa kiko kisiwani Ukara, Ziwa Victoria. Kukifikia ni meli hadi Nansio, pikipiki hadi Bugolora, kisha kuvuka tena. Nikienda leo narudi kesho, na mwezi huu nimeshakwenda mara mbili. Sitaki kwenda mara ya tatu kabla sijajua ninachokwenda kurekebisha.

Kifaa ni BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja, kimefungwa ndani ya boksi la chuma kwenye nyumba ya pampu ya jumuiya ya watumia maji. Kinasoma mita ya maji kwa RS-485 na kinawasha au kuzima pampu kupitia rilei. Ndani yake ni Debian 11 (Linux), kerneli 5.10, yaani kiini cha mfumo. Draiva ya mita (programu inayoongea na mita) ni moduli ya kerneli, mita.ko, niliyoirithi kwa aliyefanya kazi hii kabla yangu. Sikuiandika mimi, lakini sasa ni yangu, na watu wa kule hawajui jina la mwingine zaidi ya langu.

Tatizo lenyewe: kila baada ya siku mbili, tatu, pengine nne, kinajizima na kuwaka upya. Kwenye logi hakuna kitu. Mistari inakatika ghafla, unaofuata ni kerneli inaanza mwanzo. Nilidhani ni umeme kwa sababu wanatumia sola, nikabadilisha betri na kishusha volti. Haikusaidia. Nimeona jambo moja tu la kushika: hutokea zaidi kati ya saa 1 na saa 4 usiku.

Safari ya mwisho nilifunga kompyuta ndogo nyingine, Raspberry Pi 3, pembeni. Modemu ya 4G sasa iko kwenye Pi, BeagleBone inapata mtandao kwa kebo kutoka Pi, na kebo ya siriali ya volti 3.3 inatoka USB ya Pi kwenda pini za J1. Laini ya simu haina anwani ya kuingilia kutoka nje, kwa hiyo Pi ndiyo inayonipigia: inafungua ssh kinyumenyume hadi seva yangu, na autossh inairudisha ikikatika. Hii sehemu imesimama vizuri. BeagleBone ikifa, Pi naendelea kuiona.

Nikajenga kerneli yenye kgdb, zana ya kuisimamisha kerneli na kuipekua kwa gdb kupitia waya wa siriali: CONFIG_KGDB, CONFIG_KGDB_SERIAL_CONSOLE na CONFIG_DEBUG_INFO, na kwenye mstari wa kuwashia nikaweka:

`console=ttyS0,115200 kgdboc=ttyS0,115200`

Kwenye Pi naendesha agent-proxy ili konsoli na gdb zigawane waya mmoja:

`agent-proxy 5550^5551 0 /dev/ttyUSB0,115200`

Kisha kwenye kompyuta yangu hapa Mwanza, kupitia ssh:

`gdb-multiarch vmlinux`
`(gdb) target remote localhost:5551`

Nikiisimamisha kwa mkono, `echo g > /proc/sysrq-trigger`, gdb inashika. Naona rejista, naomba `bt` (orodha ya miito ya fankisheni), inaanza kuja. Halafu gdb inanyamaza, nikitazama konsoli nakuta U-Boot, programu ya kuwashia, inaandika. Kimewaka upya mikononi mwangu. Nimepima kwa simu mara sita: sekunde 41, 57, 33, 52, 38, 59. Sioni mpangilio wowote. Tena ni nzito mno. `Bt` peke yake inakula karibu dakika nzima, kwa hiyo hata nikiishika sipati muda wa kuuliza swali la pili.

Ijumaa jioni kilikufa chenyewe wakati konsoli nimeiacha wazi. Nilikuta mistari michache, ya maana ni hii miwili:

`Unable to handle kernel paging request at virtual address 2e383641`
`Internal error: Oops: 5 [#1] SMP ARM`

Basi. Hakuna rejista, hakuna orodha ya miito ya fankisheni, halafu U-Boot.

Maswali yangu: je, kgdb ndiyo inayoangusha kifaa? Na kwa nini Oops, ripoti ya ajali ya kerneli, inakatika hapo?

---

BintiKilindini · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Pole na safari za ziwani, kaka. Kabla sijasema lolote: ndani ya /etc/systemd/system.conf, au kwenye faili zozote za system.conf.d, kuna mstari RuntimeWatchdogSec? Na umewekwa ngapi?

---

mvuvi_wa_biti · Jumatatu, saa 4:22 usiku

Upo dada. `RuntimeWatchdogSec=60`. Niliukuta, sikuugusa.

---

BintiKilindini · Jumatatu, saa 5:05 usiku

Hapo ndipo penye jibu la kwanza. Kgdb haijakuangusha. Wochidogi, kipima muda kinachowasha kifaa upya kisipoguswa kwa wakati, ndiyo inayokuwasha upya, na inafanya kazi iliyowekewa.

Tazama nambari zako sita tena. Hakuna iliyo chini ya 30, hakuna iliyozidi 60. systemd, programu inayosimamia nyingine zote, ikipewa sekunde 60 huigusa wochidogi kila nusu ya muda huo, yaani kila sekunde 30. Ukisimamisha kerneli sekunde moja baada ya kuguswa, umebakiwa na 59. Ukiisimamisha sekunde 29 baada ya kuguswa, umebakiwa na 31. Ndiyo maana unaona kama hakuna mpangilio. Kerneli ikiwa ndani ya kgdb, systemd imelala pamoja na kila kitu kingine, lakini WDT1, yaani wochidogi ya chipu yako ya AM3358, ni saketi ya peke yake ndani ya chipu yenye saa yake. Haijui kama umesimama kufikiri au umekufa.

Ukitaka ushahidi, kikiwaka upya kishike kwenye U-Boot uandike:

`md.l 0x44e00f08 1`

Hiyo ni rejista inayotunza sababu ya kuwaka. Hesabu biti kuanzia 0; ya 4 ikiwa 1, ni wochidogi. Biti hizi hazijifuti zenyewe, kwa hiyo zifute kwanza kwa kuandika 1 palepale, ndipo ujaribu upya. Vinginevyo utasoma habari ya juzi.

Sasa usije ukaizima. Mtu akiwa mbali na kifaa hivyo, wochidogi ndiyo jirani yake wa pekee. Mtandao ukikatika wakati umeisimamisha kerneli, nani ataiamsha? Irefushe tu. Draiva ya omap_wdt inapokea hadi siku nzima; weka `RuntimeWatchdogSec=30min` siku za kudibagi, uwashe upya mara moja, utapata kati ya dakika 15 na 30 za kukaa ndani ya gdb. Ukipotea, nusu saa haipiti kifaa kitakuwa kimerudi chenyewe.

Kuhusu uzito: unaendesha gdb upande usio sahihi wa ziwa. Gdb na kerneli huongea kwa pakiti ndogondogo, swali na jibu, swali na jibu. Kila swali lako linavuka mtandao wa simu kwenda na kurudi, na `bt` moja ni maswali mengi. Waya wa siriali wa 115200 unapitisha takriban baiti 11,520 kwa sekunde, ni mwembamba lakini hauna kusubiri. Nakili vmlinux na mita.ko kwenye Pi, usiku bando likiwa rahisi, weka gdb hukohuko Pi ndani ya tmux. Kitakachovuka ziwa ni herufi unazoandika na mistari unayosoma. Na ssh ikikatika, gdb inabaki imeshika.

---

fundi_kontakta · Jumanne, saa 1:10 asubuhi

Mimi kerneli siijui kwa undani, kazi yangu ni paneli za pampu huku Tanga. Nimesoma hapo juu kwamba kifaa hicho hicho ndicho kinachoshika rilei ya pampu. Sasa naomba mnijibu: hiyo kerneli ikisimamishwa dakika 30 wakati rilei imefunga, pampu inazimwa na nani?

---

mvuvi_wa_biti · Jumanne, saa 1:32 asubuhi

Fundi, umenishtua. Inazimwa na programu yangu, ikisoma kiwango cha tangi. Pini ya GPIO inayoshika rilei inabaki ilivyo kerneli ikisimama, maana yake pampu ingeendelea. Mara zote sita nilizojaribu ilikuwa mchana na pampu imezimwa, lakini sikupanga hivyo.

---

fundi_kontakta · Jumanne, saa 1:50 asubuhi

Basi hilo litangulie mengine yote. Weka swichi ya boya juu ya tangi, waya wake upite mfululizo na koili ya kontakta (swichi kubwa ya pampu). Maji yakifika juu, koili inakosa umeme, kontakta inaachia, kompyuta itake isitake. Na kama pampu inavuta ziwani, weka na ya upande wa kunyonyea ili isizunguke kavu. Pampu inayozunguka kavu haichukui nusu saa kuharibu sili yake. Hii si kazi ya programu kabisa. Ni waya, na fundi yeyote wa umeme wa Nansio ataifanya kwa siku moja.

Mpaka iwekwe, usisimamishe kitu hicho pampu ikiwa inafanya kazi. Kule kuna watu wanakunywa maji hayo.

---

MzeeSiriali · Jumanne, saa 6:20 mchana

Fundi kasema kweli, na Binti kamaliza suala la wochidogi. Nabaki na Oops iliyokatika, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili na hakuna aliyeyagusa.

La kwanza. Kerneli ya ARM ikipata ajali huandika anwani iliyoshindikana, kisha huandika ule mstari wa "Internal error", kisha, *kabla* ya kuandika rejista na orodha ya miito, hupiga hodi kwa yeyote aliyejiandikisha kupata taarifa ya kifo. Kgdb imejiandikisha. Inashika, inasimamisha kila kitu, inamngoja mtu wa gdb. Ijumaa jioni hukuwepo. Ikangoja, wochidogi ikakata. Yale maneno uliyoyahitaji zaidi yalikuwa yamepangwa kuandikwa baada ya kgdb kuachia, na haikuachia. Kwa hiyo chombo ulichokileta kuitafuta hitilafu ndicho kilichoizuia kujieleza.

Mwanangu, kwenye kifaa kilicho mbali, toa kgdboc. Weka hivi badala yake:

`console=ttyS0,115200 oops=panic panic=10`

Au badala ya `oops=panic`, weka kernel.panic_on_oops=1 kwenye sysctl, mipangilio ya kerneli. Kisha acha Pi iandike konsoli kwenye faili usiku na mchana, si pale unapokumbuka. Kerneli ikianguka itasema yote, itangoja sekunde 10, itawaka upya yenyewe.

Na usitegemee waya mmoja. Washa CONFIG_PSTORE_RAM, utenge megabaiti moja ya memori kwenye mti wa vifaa (device tree), nodi ya reserved-memory yenye compatible "ramoops". Kerneli itaacha maneno yake ya mwisho humo na utayakuta baada ya kuwaka. Usiitenge kwenye kilele kabisa cha memori. U-Boot hujihamishia huko juu na itakufutia. Memori ya BeagleBone inaanzia 0x80000000, megabaiti 512. Mimi huweka 0x98000000. Ongeza `ecc-size = <16>` ili herufi zilizoharibika zirekebishwe. Jaribu mezani kwanza kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`, maana kubaki kwa memori baada ya kuwaka upya kunategemea bodi. Na ukikuta /sys/fs/pstore ni tupu usikate tamaa: systemd-pstore huhamisha faili kwenda /var/lib/systemd/pstore. Nimewahi kupoteza alasiri nzima kwa hilo.

La pili, na hili ndilo lililonifanya niandike. Tazama anwani yako: 2e383641. Hiyo haifanani na pointa, yaani anwani ya mahali kwenye memori. ARM huhifadhi baiti ndogo kwanza, kwa hiyo kwenye memori zimelala hivi: 41 36 38 2e. Zisome kama herufi: `A68.` Sasa chukulia kwamba kerneli ilikuwa inasoma sehemu iliyo baiti 16 ndani ya struct (kifungu cha data), yaani 0x10. Toa 0x10 kwenye anwani, unapata 2e383631, na hizo ni herufi `168.`

Wewe na mimi tunajua `168.` hukaa wapi. Ni kipande cha anwani ya mtandao, ile ya 192.168. Mahali palipotakiwa kuwa na pointa pana maandishi ya anwani ya mtandao. Nakwambia nafikiri kuna mtu anayeachilia memori kisha anaendelea kuitumia, na memori hiyo imeshagawiwa mwingine anayeshughulika na mtandao. Jioni mtandao wa simu unakuwaje huko Ukara?

---

mvuvi_wa_biti · Jumanne, saa 7:05 mchana

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu.

Jioni mtandao ni mbaya sana, watu wote wako kwenye simu. Na sasa nakumbuka: programu inayosoma /dev/mita na kutuma vipimo, ikishindwa kutuma inajifunga, systemd inaifungua upya. Nimehesabu kwenye journali: jioni moja imefungwa na kufunguliwa mara 71. Nyingine 64. Mchana mara mbili au tatu.

Kwa hiyo kinachojirudia jioni si umeme. Ni kufungwa kwa /dev/mita.

---

MzeeSiriali · Jumanne, saa 7:30 mchana

Marahaba. Basi usiende Ukara. Una BeagleBone nyingine Mwanza? Iweke mezani na kerneli ileile, moduli ileile, na ongeza `slub_debug=FZPU` kwenye mstari wa kuwashia. Memori ikiachiliwa itajazwa baiti 6b. Ukiona anwani ya ajali imejaa 6b, hakuna tena kubahatisha.

Mars Pathfinder, chombo cha NASA, ilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye ilianza kujiwasha upya yenyewe, nayo pia ni ulinzi wa ndani uliokuwa unaiwasha. Kazi ya hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilikuwa imeshika kufuli. Kazi ya basi la data, ya kipaumbele cha juu, inalingoja. Na kazi za katikati zinaendelea kupita. Wale wahandisi hawakukaa kuisimamisha kerneli ya VxWorks iliyoko Mars. Walichukua pacha wake duniani, wakaiendesha na kumbukumbu za matukio zikiwa wazi mpaka ikaanguka mbele yao, ndipo wakatuma rekebisho dogo: kuwasha urithi wa kipaumbele (mwenye kufuli hupewa kipaumbele cha anayelingoja) kwenye lile kufuli. Ukara ni karibu zaidi, lakini njia ni hiyohiyo. Cha mbali kieleze tu kilivyokufa. Kusimamisha na kupekua fanyia pale unapoweza kugusa.

---

mvuvi_wa_biti · Alhamisi, saa 2:50 usiku

Nimerudi, na nina cha kuonyesha.

Mezani niliweka BeagleBone ya akiba na kuandika skripti fupi inayofungua /dev/mita, inasoma, inajifunga, kila sekunde mbili. Dakika chache zikapita, haikuanguka. Nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha nikafikiri kuhusu mita yenyewe: hujibu kwa milisekunde 25 hivi, na draiva huiuliza mara moja kila sekunde 5. Kama hatari iko pale tu draiva inapongoja jibu, basi ni milisekunde 25 katika 5,000. Kufunga 200, moja ndiyo inaangukia pabaya. Jioni tatu za Ukara, mara sitini na kitu hadi sabini kila moja, ni kama 200. Nikasimama kidogo nilipoiona hiyo hesabu, kwa sababu ndiyo siku zangu mbili, tatu, nne.

Basi nikachomoa waya wa mita. Bila mita draiva hungoja hadi mwisho wa subira yake, milisekunde 300. Haikuchukua muda, ikaanguka:

`Unable to handle kernel paging request at virtual address 6b6b6b7b`
`Workqueue: events mita_kazi [mita]`
`PC is at mita_kazi+0x84/0x1c0 [mita]`

6b6b6b6b na 0x10 juu yake. Mzee, ni 0x10 ileile uliyoitoa kichwani.

Moduli haikuhitaji kgdb hata kidogo. Nilifungua `gdb-multiarch mita.ko`, nikaandika `list *(mita_kazi+0x84)`, ikanipeleka kwenye mstari unaofuata baada ya kungoja jibu la mita. Na upande wa kufunga ulikuwa umeandikwa hivi:

`del_timer(&d->taima);`
`kfree(d);`

Taima inasimamishwa, sawa. Lakini taima haisomi mita yenyewe. Inaitia kazi kwenye foleni, na kazi ndiyo inayolala ikingoja mita. Programu ikijifunga katikati ya usingizi huo, `d`, memori ya draiva, inaachiliwa, kazi inaamka na kushika kitu ambacho si chake tena.

Hata hivyo niliitumia kgdb mezani, kwa sababu nilitaka kuona kwa macho. Niliweka `break` kwenye mstari wa kfree, nikatazama foleni, nikaiona mita_kazi imelala humo na `d` ileile. Moduli haipakiwi mahali pamoja kila mara, kwa hiyo nilisoma /sys/module/mita/sections/.text kwanza, nikaipa gdb kwa `add-symbol-file`. Wochidogi nilikuwa nimeirefusha. Nilikaa ndani dakika kumi na mbili bila haraka.

Nimerekebisha hivi:

`cancel_work_sync(&d->kazi);`
`del_timer_sync(&d->taima);`
`kfree(d);`

Naomba mniangalizie kabla sijatuma.

---

BintiKilindini · Alhamisi, saa 3:20 usiku

Hongera sana kaka, kazi safi. Lakini usitume bado. Mpangilio umegeuka. Ukifuta kazi kwanza, taima bado iko hai; inaweza kulia kati ya mistari hiyo miwili na kuitia kazi upya kwenye foleni, halafu unaachilia `d`. Umepunguza nafasi ya ajali, hujaiondoa, na safari hii itakuja baada ya miezi badala ya siku. Hapo ndipo ungeumia zaidi. Anza na taima, ndipo kazi.

Au achana na taima kabisa. Tumia delayed_work, kazi ya kucheleweshwa, inayojirudishia yenyewe kwenye foleni, na wakati wa kufunga `cancel_delayed_work_sync` peke yake inatosha. Imetengenezwa kushughulikia kazi inayojirudisha. Utabakiwa na kitu kimoja cha kusimamisha, na atakayerithi draiva hii baada yako hatakuwa na mpangilio wa kukosea.

---

mvuvi_wa_biti · Alhamisi, saa 5:10 usiku

Nimechukua njia ya pili. Skripti inafunga na kufungua mezani sasa hivi, waya wa mita nimeuchomoa, slub_debug imewaka. Nitaiacha hadi Jumamosi.

---

mvuvi_wa_biti · Jumapili, wiki ya tatu baadaye, saa 10:15 jioni

Samahani kwa ukimya. Mezani ilifikisha kufunga zaidi ya elfu themanini bila ajali. Nikatuma moduli Ukara kupitia Pi, nikarudisha wochidogi kwenye sekunde 60, nikatoa kgdboc, nikaacha ramoops na faili la konsoli.

Leo `uptime` inasema siku 19. Jioni ya Jumatano programu ilifungwa mara 83, kifaa hakikutikisika. Programu yenyewe nayo nimeirekebisha: ikikosa mtandao inaweka vipimo kwenye faili na kungoja.

Fundi, swichi ya boya imefungwa Ijumaa na fundi wa Nansio, mfululizo na koili kama ulivyosema, pamoja na ya upande wa kunyonyea. Tuliijaribu kwa simu: yeye ameinyanyua kwa mkono, mimi nimeshikilia rilei ikiwa imefunga. Kontakta ikaachia, nikaisikia kwenye simu.